Bwana Lau Kwenye Kiti Changu

Garissa,
Jumapili, baada ya ibada.

Mke wangu Wakesho,

Nimeandika "mke wangu" kisha nimeweka kalamu chini niyatazame maneno hayo. Miezi minne sasa, na bado yananifanya nicheke peke yangu kama mtu aliyeokota kitu kizuri njiani na hakuna aliyemwona. Mke wangu. Hujambo? Kile kifua kilichokusumbua wakati wa ukungu kimepoa? Na Mama, analala vizuri, au bado anaamka kuwahesabu kuku kwa masikio? Mimi mwili wangu ni mzima. Joto la huku halijaniua na vumbi limenizoea. Kinachoniuma hakina dawa kwenye zahanati ya serikali, na wewe unakijua.

Kabla hujaendelea, tafadhali inua macho umwangalie aliyekupa barua hii. Kama bado amesimama mlangoni, mkaribishe ndani, mpe kiti chenye mgongo maana goti lake la kulia halikunjiki vizuri, na umpe maji. Ni Mchina, ndiyo. Jina lake Bwana Lau. Usiogope na usiwaache watoto wa jirani wajazane dirishani. Kiswahili anakielewa, ingawa chake ni cha gereji za Mombasa. Ukishampa maji, rudi hapa kwangu.

Nilikuandikia kwamba nitashuka Voi mwisho wa mwezi huu kwa likizo yangu. Najua ulikuwa unazihesabu siku, kwa sababu mimi nilikuwa nazihesabu, na sisi wawili tuna hesabu moja. Sasa ameshuka yeye na mimi sikushuka. Kiti changu kwenye lori la msafara amekaa yeye, na jambo hilo limetokana na mdomo wangu mwenyewe. Nakuomba usome mpaka mwisho kabla hujanikasirikia. Barua za posta huku hufunguliwa na kusomwa, kwa hiyo mengi sikuwahi kukueleza. Hii imekuja mkononi mwa mtu, basi nitasema yote.

Nianze na chumba changu, ili unione nilipo. Ni chumba kimoja katika nyumba za makarani, bati juu, na ifikapo saa nane mchana bati hilo linalia kama linakaangwa. Ile foronya uliyonitarizia ndege wawili siitumii. Nimeiweka ndani ya sanduku la chuma, nimeifunga kwa karatasi, kwa sababu vumbi la hapa linaingia hata kwenye saa ya mkono. Jumapili kama leo naifungua, naitazama, nafunga tena. Mwenzangu wa chumba cha pili, Koplo Mutua wa polisi, alinikuta siku moja nikiwa nimeishika, akaniuliza kama nimepewa tangazo la msiba. Nikamwambia hapana, ni mke wangu huyu. Akasema, "Basi mfunike, atapata jua."

Saa kumi na mbili jioni ni kafyu. Kila mtu ndani. Mwaka wa tatu sasa tangu bendera yetu ipandishwe, na huku mji mzima unalazwa kama watoto. Mashifta wako porini na bunduki zao za uasi, wanajeshi wako barabarani, na watu wa mji, ambao wengi ni Wasomali, wafugaji na wafanyabiashara, wako katikati. Sisi wa kutoka bara na pwani tunawaogopa wao, wao wanatuogopa sisi, tunasalimiana sokoni kwa adabu na kila mmoja anakwenda zake. Miezi yangu ya mwanzo sikuwa na mtu wa kuzungumza naye jambo lolote ila bei ya maziwa ya ngamia. Wakesho, nilifikia hatua ya kukusimulia habari za ofisini kwa sauti, nikiwa peke yangu, nikinyamaza kidogo ili unijibu.

Aliyenitoa humo ni huyo aliyeketi mbele yako.

Yeye alikuwa fundi wa mashine ya kuvuta maji mtoni, ameajiriwa na mkandarasi. Mimi karani wa kutunza karatasi na ramani katika ofisi ya ujenzi, kwa hiyo kila wiki alikuja kwangu kutia sahihi. Siku moja aliniangalia miguu badala ya uso, akauliza, "Wewe cheza mpira?" Nikasema nilicheza shuleni, namba nane. Akasema, "Saa kumi. Uwanja. Njoo na viatu au bila viatu." Nikaenda, kwa sababu sikuwa na mahali pengine pa kwenda.

Uwanja wenyewe ni mchanga mtupu, magoli ni vigogo vya mikoma, na kabla ya kuanza lazima mbuzi waondolewe. Niliwakuta vijana wa Kisomali kutoka upande wa Galbet, karani mmoja wa posta, walimu wawili, na Koplo Mutua golini. Wote Bwana Lau aliwakusanya mmoja mmoja kwa kuwaangalia miguu. Vijana wa Kisomali wanamwita Adeer, yaani baba mdogo. Mwepesi kuliko wote ni Bishar, winga wa kulia, ambaye ana meza ya chai sokoni na mdomo usiopumzika, ambao kila p huigeuza b.

Basi ukafikiri tutacheza. Wiki mbili nzima Bwana Lau hakutupa mpira. Alichora mistari kwenye karatasi, duara hili ni wewe, msalaba ule ni adui, mshale huu ni njia yako, halafu akatutembeza. Kutembea tu, polepole, bila mpira, bila kusema, kila mtu kwenye mshale wake, kisha turudi, kisha tena. Watu wa mji walikuja kutuangalia na kutucheka. Bishar alivumilia siku tatu, ya nne akauliza, "Adeer, hii ni mbira au ni mazishi? Kama ni mazishi, nani amekufa tumlie?" Bwana Lau akamjibu, "Mguu sahau haraka. Tembea mara mia, mguu hapana sahau." Na tukatembea.

Tukiwa tunapumzika ndipo alipokuwa akinisimulia maisha yake, kidogo kidogo. Alizaliwa katika mji wa bandari kusini mwa China, baba yake msokota kamba za meli. Alicheza peku kwenye mabwawa ya chumvi yaliyokauka, akachukuliwa na timu ya wapakiaji wa bandari, winga wa kushoto. Anasema alikuwa na mbio hata mama yake alimtuma dukani wakati maji ya chai yanachemka. Timu yao ikawa na sifa, ikaalikwa kucheza katika bandari za nchi nyingine, wanasafiri juu ya sitaha na magunia, wanashuka, wanacheza, wanapanda tena. Siku kumi kabla ya safari alioa.

Siku kumi, Wakesho. Mimi na wewe tulipata kumi na moja.

Alimwambia mkewe, "Msimu mmoja, narudi." Wakiwa safarini vita vikaingia katika mji wao. Meli hazikwenda tena huko. Timu ikatawanyika bandarini ugenini, kila mtu akashika lake. Yeye aliendelea kucheza hapo alipokwama, mpaka mwanajeshi mmoja Mwingereza akamkanyaga goti kwenye mechi ya kirafiki. Nilimuuliza ilikuwaje kuacha mpira. Akafikiri, akasema, "Goti kataa. Macho hapana kataa." Ndivyo alivyokuwa kocha. Aliwafundisha watoto wa wapakiaji, kisha akaingia chumba cha injini cha meli, akashuka Mombasa, akatengeneza magari kwa Mhindi mmoja, na kila alipokwenda aliwatafuta vijana kumi na mmoja na uwanja. Miaka karibu thelathini ya msimu mmoja. Aliniambia alimwandikia mkewe barua nyingi. Hazikurudi na hazikujibiwa. Hajui hata moja kama ilifika.

Siku ile nilirudi chumbani nikakuandikia ile barua ya kurasa sita ambayo ulisema ni ndefu bure. Sasa unajua sababu.

Sasa nifike kwenye kosa langu.

Karatasi huku ni shida, kwa kuwa msafara wa malori unabeba chakula na mambo ya jeshi kwanza. Bwana Lau alimaliza karatasi zake, akaniomba. Ofisini kwangu kulikuwa na marundo ya ramani kuukuu za mabomba ya maji, zimepitwa na wakati, na nilikuwa nimepewa amri ya kuzichoma zote shimoni na kutia sahihi katika kitabu kwamba zimechomwa. Nilizitazama zile karatasi nzuri, nene, nyeupe upande wa nyuma. Nikachoma nusu. Nusu nikampa Bwana Lau. Katika kitabu nikaandika, "Zote zimechomwa," nikatia sahihi yangu ile ndefu ambayo wewe unaisifu.

Tulikuwa tumepata ruhusa ya kucheza na timu ya jeshi, Jumamosi moja. Mji mzima uliingojea siku hiyo. Wazee waliotucheka sasa walikuja kuuliza tutatembea au tutakimbia. Bwana Lau akachora mchezo mmoja wa siri. Kila mtu anajua kwamba Bishar ndiye hatari, basi katika mchoro Bishar anakimbia mbali na mpira mpaka pembeni kabisa, mabeki wawili wanamfuata, nafasi inabaki wazi katikati, na mimi nakuja nyuma kwa kuchelewa na kupiga. Bishar alipouona alilalamika sana. "Mimi nakimbia mbaka Wajir na mbira sibati, halafu karani ndiye abige?" Lakini wiki ile alikuwa na wageni wa mama yake na asingeweza kuja mazoezini siku mbili, kwa hiyo Bwana Lau akampa karatasi ile aende nayo nyumbani akajifunze njia yake.

Asubuhi ya pili wanajeshi walifanya msako upande wa Galbet. Nyumba kwa nyumba. Ndani ya mfuko wa shati la Bishar wakakuta karatasi. Upande mmoja, mto, mashine ya maji, bomba, tangi lililo karibu na kambi ya polisi. Upande wa pili, maduara, misalaba, mishale, na maandishi ya Kichina. Ukiinua karatasi kwenye jua, mishale inapita moja kwa moja juu ya mashine ya maji. Wakamuuliza ameipata wapi. Akasema, kwa Mchina. Saa moja baadaye Bwana Lau alichukuliwa mtoni, mikono ina grisi.

Koplo Mutua aliniletea habari hiyo, uso umemkauka. Aliniambia hawaulizi tena kama ni shambulio, wanauliza ni lini. Bishar atapelekwa mbali na hakuna atakayejua ni wapi. Kisha akaniuliza polepole, "Ile karatasi, Mwadime, mbona inafanana na za ofisini kwenu?" Nikainama kufunga kamba za viatu. Akanitazama, akaondoka.

Wakesho, nakueleza wewe kitu ambacho sijamweleza mtu. Siku ile sikwenda kusema. Kesho yake pia sikwenda. Barua ya likizo yangu ilikuwa tayari imetiwa muhuri, iko mezani kwangu, na msafara ulikuwa unaondoka baada ya siku nne. Nilijiambia wataona wenyewe kuwa ni mpira. Nilijiambia nikifungua mdomo, likizo imekwenda, labda kazi imekwenda, labda nami nitaingia ndani, na wewe utasimama kituoni Voi na kanga yako ile ya samawati ukimsubiri mtu aliyesema uongo kwenye kitabu cha serikali. Nilikufanya wewe kuwa sababu yangu ya kunyamaza. Nisamehe kwa hilo kuliko kwa lingine lolote katika barua hii.

Siku ya tatu nilipita mbele ya kituo cha polisi nikienda kazini. Mama yake Bishar alikuwa amesimama juani nje ya seng'enge, ameshika chupa ya maziwa, kama alivyosimama siku zote tatu, na hakuna aliyempokea. Aliniona. Ananijua, kwa sababu nimekunywa chai kwa mwanawe mara nyingi. Hakupiga kelele. Alikuja karibu na kuniita kama wanavyoita watoto wao.

"Hooyo," alisema, "wewe najua kusoma. Ingia wasomee ile karatasi."

Hakujua chochote. Alifikiri ni shida ya kusoma tu. Nilimwambia, "Nipe chupa, mama." Nikaingia nayo.

Inspekta ni mtu wa bara, mrefu, mwenye sauti ya chini. Karatasi ilikuwa mezani pake. Nilimwambia ni ya ofisini kwangu, ni mimi niliyempa Mchina, na upande wa pili ni mchezo wa mpira. Akatuma askari akamletee kitabu changu kutoka ofisini. Akakifungua, akatafuta ukurasa, akaweka kidole.

"Hii ni sahihi yako?"

"Ndiyo, afande."

"Umeandika zote zimechomwa."

"Ndiyo, afande."

Akainua karatasi. "Na haya ndiyo majivu?"

Nilikuwa bado nimeshika ile chupa ya maziwa. Aliniuliza ya nani, nikasema ya mama yake Bishar, akamwita askari aipeleke ndani. Nikajua angalau hilo nimelifanya. Kisha akasema mimi naweza kuwa namdanganya pia, maana mtu aliyeandika uongo mara moja ana wino wa mara ya pili. Nikamwambia, afande, mchoro huu siwezi kukusomea, lakini tunaweza kuucheza mbele yako. Akasema, "Kichina sijui. Mpira najua kidogo. Saa kumi."

Basi saa kumi tuliletwa uwanjani. Bishar alitolewa selo, amekonda kwa siku tatu, bila malapa. Bwana Lau aliwekwa ndani ya Landrova, milango imefungwa, amekatazwa kusema neno wala kuinua mkono. Polisi saba wakapangwa kuwa wapinzani wetu. Watu wa mji wakakusanyika mbali, kimya, sijawahi kuwaona wako kimya namna ile. Inspekta alisimama pembeni ya mstari, karatasi mkononi, akasema tu, "Haya."

Hatukuwa na kocha wa kutuelekeza. Lakini Bishar alinitazama akasema, "Karani, leo kweli ni mazishi. Tembea vizuri." Tukaanza kutembea. Polepole, bila mpira, kila mtu kwenye mshale wake, kama tulivyotembea mara mia. Niliona kidole cha Inspekta kikitembea juu ya karatasi. Duara, mshale, duara. Tukarudi tukatembea tena. Kidole kikatembea tena.

Kisha akatupa mpira. Mutua alikuwa golini kwao siku ile, kwa amri, na aliniambia baadaye kwamba hakujua aombe nini. Karani wa posta akauanzisha, ukaenda kwa mwalimu, na Bishar akachomoka. Alikimbia juu ya mchanga wa moto bila viatu mpaka pembeni kabisa, akipiga kelele aletewe mpira ambao alijua hautakuja, na polisi wawili wakamfuata mbio kama mchoro ulivyosema. Katikati pakawa wazi. Pakawa wazi sana, Wakesho, kama mlango wa kanisa siku yetu. Nikaja kwa kuchelewa, mpira ukanikuta, nikapiga kwa nguvu zangu zote.

Nikapiga nje. Ulipita juu ya kigogo cha mkoma ukawaangukia mbuzi.

Nilibaki nimesimama. Nilifikiri nimewamaliza watu wawili kwa mguu mmoja. Inspekta akaitazama karatasi, akatazama uwanja, akatazama karatasi. Akasema bila kucheka, "Mchoro uko sawa. Mpigaji ndiye mbaya."

Bishar aliachiwa palepale, kabla ya kafyu. Mama yake alimshika kichwa kwa mikono miwili akamkagua kama mtu anayekagua chungu kilichodondoka. Bishar alipopata pumzi aliniambia, "Nilisema mimi ndiye nibige." Tangu siku hiyo sijalipa chai kwake. Nimejaribu, anakataa kuniona nikitoa mkono mfukoni.

Kwa Bwana Lau mambo yalikuwa tofauti. Walikubali kwamba hakufanya kosa, lakini wakasema mgeni anayechora chora hafai kukaa wilaya hii wakati huu. Apande msafara unaoondoka, arudi kwa Mhindi wake Mombasa. Mechi na jeshi ikafutwa. Mimi nilipewa barua ya onyo, na likizo yangu ikafutwa hadi nitakapoambiwa tena. Lori lilikuwa limejaa. Mkuu wangu wa ofisi alisema, "Kiti chako kimepata mtu," na jina langu likakatwa kwenye orodha, la Bwana Lau likaandikwa juu yake.

Sijui nitakuja lini. Sitakudanganya kwa kutaja mwezi. Nimemwandikia mkuu kuomba tena, na nitaandika kila mwezi mpaka achoke na mwandiko wangu. Ninachoogopa nitakutajia mara moja tu, kisha sitakirudia. Naogopa msimu mmoja. Nikiona jua linazama na filimbi ya kafyu inalia, namfikiria yule msichana wa bandari ya China aliyeolewa na kuachwa siku ya kumi, kisha nakufikiria wewe ukifagia ua wa Mama. Lakini nilitembea kwenda pale kituoni kwa miguu yangu, na kama ungekuwa umesimama karibu nami ungenisukuma niingie, nakujua. Ulinipenda kabla sijawa karani. Nataka niwe mtu ambaye ukimpata tena utamtambua.

Jana jioni tulikusanyika uwanjani kwa mazoea tu. Hakuna aliyejua tufanye nini. Bwana Lau amekatazwa kukanyaga uwanjani mpaka msafara uondoke, na alikuwa ameniachia filimbi yake, nimeivaa shingoni chini ya shati kama hirizi. Bishar akauliza, "Haya, tunatembea au tunarudi nyumbani?" na wote wakanitazama mimi. Nikaitoa ile filimbi. Ilikuwa ya moto kwa jasho langu. Tulitembea.

Sasa salamu. Msalimie Mama kwa mikono miwili, mwambie mwanawe ana afya na ana adabu, ingawa adabu ilichelewa siku mbili. Msalimie Baba mkwe Mwakio, na umwambie yale makubaliano yetu juu ya uzio wa shamba nayakumbuka. Dada yangu Mghoi, aache kukwambia kwamba nikilala nakoroma, wewe ndiwe unayejua. Shemeji mdogo Mwangeka, asome, na akicheza mpira atembee kwanza. Mjomba Mwandoe mzee wa kanisa, na shangazi aliyetupikia kimanga siku ya harusi, na kila anayeuliza habari zangu kwa wema.

Bado neno moja, juu ya mgeni wako.

Nilitaka kuituma barua hii kwa mkono wa mtu mwingine, kwa kuwa Voi si nyumbani kwake na mlima wetu ni mrefu kwa goti lile. Alikataa. Alisema atashuka kwenye treni, atapanda basi, atakuja mwenyewe mpaka mlangoni. Nikamuuliza kwa nini ajisumbue. Alikuwa anafunga sanduku lake, hakunitazama.

"Mimi andika barua nyingi," alisema. "Hapana ona hata moja ikifika."

Basi, mpenzi wangu, hivi sasa anakuangalia. Usiikunje barua haraka. Kama kuna machozi usiyafiche, na kama umecheka mahali popote, cheka tena, usikike. Isome kwa mara ya pili hapo hapo mbele yake, polepole, mpaka amalize maji yake.

Ni mimi, wako wa siku kumi na moja na wa siku zote zilizobaki,

Mwadime